Wagdi na Saa ya Getini

Wagdi aliponijia dukani kutaka sanda, nilimuuliza nani amekufa. Akasema bado. Nikadhani ananifanyia mzaha, na mimi sina subira na mzaha wa asubuhi, nikamwambia akatafute wa rika lake. Ndipo nilipomtazama vizuri. Meno mawili ya mbele hayakuwepo, jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilifungwa kwa kitambaa kilichoraruliwa kwenye kanzu yake mwenyewe. Akaniambia nimkatie ya mtu wa kimo chake.

Mimi ni Bisada, muuza vitambaa katika mji huu wa miwa tangu baba yangu aliponiachia duka. Waislamu na Wakristo wa hapa wote nimewakatia sanda, ila sijawahi kumpima mtu akiwa amesimama ananitazama. Nilishusha jora la bafta kwa hasira, maana nilijua anakokwenda. Alikuwa anakwenda kwa Badawiya, ambaye mwanawe alikuwa na siku mbili kaburini, kuilaza sanda hiyo miguuni pake na kuinamisha shingo. Mwenye damu akiipokea, aliyeileta amesalimika. Akiikataa, kisu kiko tayari na hakuna wa kuuliza kitu. Na kisu cha nyumba ile kilishikwa na Gadalla, mtoto mkubwa wa Badawiya, mtu ambaye hata salamu huipokea kwa shida.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Wagdi hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Huku kwetu hilo peke yake ni la kusimulia.

Baba yake alikuwa dereva wa kile kitreni cha kubebea miwa, na ukoo wao ni mdogo, wa watu wasiogombana kwa sababu hawana idadi ya kugombania. Kijana akapelekwa chuoni Asyut akasoma kompyuta, akarudi kuzitunza zile za kiwanda cha sukari. Watu walimwita mhandisi na kumletea simu zao mbovu. Kila siku aliwaambia kazi yake si simu, na kila siku alizitengeneza, huku anakula mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, na jibini iliyokaa mtungini mpaka harufu yake inamfukuza paka. Mama yake alikuwa anamtafutia mke. Yeye akawa anasema wasichana wote wa mji huu wana kaka wenye bunduki.

Nilikuwa napenda kwenda kumtazama akifanya kazi. Skrini yenyewe nyeusi, haina picha wala rangi, maneno matupu. Anaandika mstari mmoja mfupi, anabonyeza, na maelfu ya mistari yanachujwa yanabaki kumi. Alinieleza kwamba kila mashine kiwandani huandika yenyewe kila inachokiona na saa ilipokiona, na kazi yake ni kuchukua maandishi ya mashine hii na ya ile, kuyachanganya, kuyapanga kwa saa, na kuona kipi kilitangulia kipi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akijua pampu gani iliharibu boila gani. Nilimwambia hiyo ni kazi ya umbea tu. Akacheka, akasema tofauti ni kwamba mashine haina ukoo.

Neno hilo alilipenda mno. Mashine haina ukoo. Alilisema kila mahali, katika mji ambao hata punda anaulizwa ni wa kina nani, na watu wakalishika. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa ya mwenyewe.

Mwaka huo serikali ilirudisha desturi ya kusogeza saa mbele kwa saa moja wakati wa joto, jambo lililokuwa limeachwa miaka mingi. Wapo waliosogeza na wapo waliotukana. Mimi nilisogeza ya dukani, mke wangu akakataa ya ukutani isiguswe, tukawa tunagombana kuhusu chakula cha mchana. Katika mvutano huohuo ndipo Hamdan Shahbur alipouawa.

Alipigwa risasi kwenye daraja la mfereji, karibu na kituo cha mafuta, muda mfupi baada ya adhana ya alasiri. Tatu. Ya kwanza ilimpata nyongani akageuka, ya pili kifuani, na ya tatu mwuaji alimsogelea akampigia mdomoni, na hiyo kwetu ina maana yake, kwamba marehemu alisema asilotakiwa kusema. Alikuwa amebeba mikate ya watoto. Nilipita pale baadaye, mikate imelowa damu na mbwa wanaigombania, na hakuna mwanamume aliyekuwa na akili ya kuwafukuza. Nikawafukuza mimi kwa mawe, nalia kwa hasira. Polisi wakaja, wakaandika kwamba hakuna aliyeona kitu.

Kamera ya kituo cha mafuta iliona mgongo tu, mtu aliyejifunga skafu anatoka kwenye miwa na pikipiki nyekundu. Nusu ya mji huu inapanda pikipiki nyekundu. Lakini Rifai, mtoto wa pili wa Badawiya, alikuwa nayo, na mwezi mmoja kabla yeye na Hamdan walipigana kwa fimbo juu ya zamu ya maji ya shamba mpaka wakapasuana vichwa. Basi jina lake likapita kwenye kila mdomo. Mahran Shahbur, ndugu wa marehemu, akamzika nduguye bila tanga, bila turubai, bila kahawa. Hakupokea rambirambi ya mtu yeyote. Anayefanya hivyo kwetu ametangaza kwamba atapokea rambirambi akishalipa damu, na sisi wote tukaanza kufunga maduka mapema.

Wazee walijitahidi, hilo siwanyimi. Haji Mandur, mkubwa wa majlisi ya wazee, aliwaita pande zote mbili barazani kwake. Rifai akaapa kwamba siku ile alikuwa kazini kwenye mizani ya malori, akaswali alasiri palepale kiwandani, ndipo akatoka. Waliosema walimwona akiswali walikuwa wa ukoo wake, na ushahidi wa ndugu haupimwi. Kisha mmoja akakumbuka kwamba kuna kitu kisicho na ukoo, na macho yote yakamwendea Wagdi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Geti la kiwanda lina mashine ya kadi inayoandika kila anayeingia na kutoka. Kamera nayo ina maandishi yake. Shida ilikuwa moja: kamera ilihesabu saa kwa sekunde tupu tangu mwaka fulani wa zamani, na geti likaandika saa ya kawaida bila kusema ni saa ya hesabu gani. Wagdi akaandika amri zake chache za kuigeuza ya geti iwe sekunde pia, ili zipangike pamoja. Hakukurupuka. Alipiga simu getini akamuuliza bawabu, mzee Abdushafi, kama saa ya ile mashine iko sawa. Abdushafi akatazama mashine, akatazama saa yake ya mkononi, akajibu ziko sawasawa. Kuuliza si ujinga, na Wagdi aliuliza.

Matokeo aliyasoma barazani akiwa amesimama. Risasi ilipigwa saa kumi na dakika ishirini. Kadi ya Rifai ilitoka getini saa tisa na dakika arobaini. Adhana ya alasiri siku ile ilikuwa baada ya saa kumi, kila mwenye simu alijua. Kwa hiyo mtu huyu alitoka kabla ya adhana, akawa na muda wa kufika darajani mara mbili, na ile swala ya kiwandani aliyoiapia hakuiswali.

Rifai alimtazama Wagdi kwa mshangao tu, mdomo wazi. Mahran akainuka bila kugusa chai yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ni fupi zaidi kwa sababu amemsingizia mpaka Mungu.

Wakamwua Rifai kesho yake asubuhi, kwenye reli ya miwa. Walikuwa wanne, wenye bunduki za kumimina risasi, na walimimina mpaka zikaisha. Mimi ndiye niliyepeleka bafta, na waoshaji waliniomba niongeze, kisha wakaomba tena, maana damu ilikuwa inapita kila tabaka. Mkono mmoja uliletwa ndani ya mfuko wa sukari. Badawiya aliuchukua mfuko ule akaupakata, hakumruhusu mtu auguse, akawa anauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mwanawe hakuswali. Hakuuliza nani kamwua, alilijua hilo. Swali lake lilikuwa hilo moja tu.

Jioni ileile Mahran akasimamisha turubai la nduguye na kahawa ikaanza kumiminwa. Watu wakaenda. Na mimi nilikwenda, usipoenda unakuwa umechagua upande. Kesho yake mchana Wagdi alikuwa amekaa humo, Abdushafi bawabu pembeni yake, msomaji anasoma Kurani. Adhana ya alasiri ikaanza. Abdushafi akakunja mkono wa kanzu, akatazama saa yake, akamnong'oneza jirani kwamba sasa ni saa tisa na kidogo, twende tukatawadhe. Wagdi akaitazama simu yake. Simu ilisema saa kumi na kidogo.

Nilikuwa mkabala naye, nikaona uso unavyoishiwa damu. Akamshika mzee yule mkono, akamuuliza saa yake imekuwaje.

"Hiyo ya simu yako ni saa ya serikali," akasema Abdushafi. "Yangu ni saa ya Mungu. Jua limesogea? Halikusogea. Basi na mimi sisogei."

"Na mashine ya getini?"

"Hiyo ni mashine ya heshima. Nayo haikusogea."

Wagdi akatoka mbio. Alinieleza mwenyewe kwamba alifika getini akapitisha kadi yake, akatazama ilichoandika, na ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Mashine ya zamani, hakuna aliyeifundisha saa mpya, na wafanyakazi hawakujali kwa kuwa saa ya kuingia na ya kutoka zote zilikuwa nyuma, masaa ya kazi yalibaki yaleyale. Kompyuta yake yeye iliijua saa mpya, ikadhani na geti linaijua. Akairudia kazi yake, akaongeza saa moja mahali pake. Mistari ikabadilishana nafasi mbele ya macho yake: kwanza risasi, kisha Rifai anatoka getini. Rifai alikuwa ameswali.

Sasa nitasema wazi, na anayetaka kunicheka anicheke. Mimi ningenyamaza. Hakuna aliyejua, bawabu mwenyewe hakuelewa alichokisema, na maji yakimwagika hayazoleki. Huyu mpumbavu alirudi kulekule turubaini, akasimama katikati ya wanaume wa Shahbur wenye bunduki magotini, akasema kwamba wameua mtu asiye na hatia, na kwamba aliyewapeleka ni yeye.

Mahran alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni kabla hajamaliza. Akaanguka juu ya vikombe. Wakamkokota mpaka kwenye mchanga nje na kumpiga mateke ya mbavu na ya uso, watu wazima sita, mmoja alivua kiatu apige vizuri zaidi. Mahran akauliza kama kuna anayejua mhandisi huandika kwa mkono gani. Akaambiwa wa kulia. Akakikanyaga kifundo cha mkono huo, akaviponda vidole kimoja kimoja kwa kitako, na mimi nilivisikia.

"Juzi mashine ilisema kweli, leo inasema uongo," akasema Mahran. "Nani amekununua?"

Wagdi akatema damu. "Mashine haijasema uongo. Mimi ndiye sikuuliza inasema saa ya nani."

Nadhani ni hapo Mahran alipoelewa, kwa sababu aliacha kupiga. Alisimama anamtazama kama mtu aliyepotelewa na njia, kisha akawaambia watu wake wamsimamishe msomaji na waondoe kahawa. Damu ilikuwa imehamia mlangoni kwake.

Hivyo ndivyo Wagdi alivyofika dukani kwangu. Nilimkatia sanda, nikaikunja, nikamwambia maneno mengi mabaya juu ya akili zake na za waliomsomesha. Kisha nikafunga duka nikamfuata, naitukana miguu yangu kila hatua. Alitembea katikati ya barabara, miguu peku, kichwa wazi, sanda juu ya mikono miwili iliyonyooshwa mbele. Watu walipanda juu ya mapaa kutazama. Mama yake alikuwa nyuma yetu na wanawake wamemshika, anapiga kelele kwamba mwanawe hajaua mtu.

Gadalla alikuwa mlangoni, kisu kirefu cha kuchinjia kiko mkononi. Haji Mandur na wazee wake walikuwa wamesimama ukutani, nyuso chini. Wagdi akapiga magoti, akaiweka sanda chini, akasema yote tangu mwanzo, saa ya kamera, saa ya geti, saa ya bawabu. Gadalla hakusikiliza hata nusu. Alimshika nywele, akaivuta shingo nyuma, akauweka ubapa wa kisu, kisha akaugeuza. Niliona mstari wa damu unashuka kuingia kwenye kola. Nikafumba macho.

"Mwache," akasema Badawiya.

Alitoka akiwa na kanzu nyeusi yenye damu iliyokauka, ileile ya siku ya mfuko. Gadalla hakumwachia nywele. Yule mama akamjia Wagdi mpaka akasimama juu yake.

"Wewe ndiye uliyesema mwanangu hakuswali?"

"Mimi ndiye, mama."

"Sema aliswali."

Wagdi akasema. Yule mama akamwambia aseme tena, wa juu ya paa wasikie. Wagdi akapaza sauti kwa mdomo ule uliopasuka, Rifai aliswali, Rifai aliswali kiwandani ndipo akatoka, na kila neno lilitoka na damu. Wanaume wazima walikuwa wanalia. Badawiya alisikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Kisha akainama akaiokota sanda, akaifungua, akautazama weupe wake, akaikunja upya taratibu, akamtupia begani.

"Siipokei," akasema. "Nikiipokea watu watasema yameisha. Wala sikuui. Nenda nayo, na siku utakayotaka kusema fulani kafanya, iguse kwanza." Akamgeukia Gadalla. "Na atakayemgusa huyu sina radhi naye. Deni letu liko kwa Mahran."

Gadalla akamwachia. Wagdi hakuweza kusimama, ikabidi tumbebe mimi na mama yake.

Aliyemwua Hamdan hajulikani mpaka leo. Mahran naye hakufikisha Ijumaa. Alipigwa risasi akitoka kunyolewa, mbele ya duka langu, na kioo cha dirisha langu bado kina tundu. Alikufa kibarazani kwangu akiniomba maji, na nikampa. Watu wa Shahbur wakataka jina, ingawa jina kila mtu alikuwa nalo kichwani. Gadalla akaapa alikuwa gereji siku ile, na gereji nayo ina kamera.

Basi wazee wakaenda tena kwa Wagdi. Nilikuwepo, nimempelekea supu, maana kwa vidole vile hata kijiko kilikuwa kazi. Haji Mandur akamsifu sana, akasema sasa watu wanamwamini kuliko zamani, na safari hii saa zote zitaangaliwa vizuri. Mezani wakaweka maandishi ya kamera mbili, ya gereji na ya duka la jirani yangu. Wagdi akafungua droo, akaitoa sanda, akailaza juu ya maandishi yale. Akaweka mkono wake uliovunjika juu yake.

"Kabla sijaanza, wazee wangu," akasema, "sasa hivi ni saa ngapi?"

Wakatazama saa zao. Haji Mandur akasema saa tano. Wa pili akasema saa nne. Wa tatu akatazama yake, akatazama za wenzake, akaushusha mkono wa kanzu ukaifunika saa yake.

Wagdi akazima kompyuta yake. Wazee wakachukua maandishi yao wakatoka.